Mwanga Uliofifia Katika Jiko la Dada

Vipo vyombo vya nyumbani vinavyokufa ghafla, na vipo vinavyokufa pole pole kama mshumaa. Balbu hufa ghafla. Hupiga mwako mmoja na ikawa giza. Pasi nayo hali kadhalika. Lakini zile tarakimu za kijani zinazoonyesha saa katika uso wa jiko la umeme hazina desturi hiyo. Hufifia. Mwaka wa kwanza mama wa nyumba hudhani ni ukungu wa mafuta, akachukua kitambaa na sabuni. Mwaka wa pili hudhani ni macho yake. Mwaka wa tatu huwa hasomi tena kitu, hukisia tu.

Dada yangu mkubwa, akaaye Magomeni, alifika hatua hiyo ya kukisia mwanzoni mwa mwaka 2023. Jiko lake ni la umeme, lenye sahani nne juu na oveni chini, nalo lilikwisha kutumika Ulaya kabla ya kuletwa kwetu. Marehemu shemeji alilinunua mwaka 2012, na alipofariki mwaka 2017 akamwachia dada mtoto mmoja wa kike na jiko hilo. Tangu hapo nyumba ile imekula, imevaa na imesoma kwa kazi ya oveni: mikate, skonzi, keki za ubarikio na za harusi, na kila mwisho wa Ramadhani keki za Idd ambazo majirani huanza kuziagiza mwezi haujafika nusu.

Pengine msomaji atauliza: kwani saa ina kazi gani katika kuoka mkate? Bibi zetu walioka kwa makaa chini na makaa juu, wala hawakuhitaji tarakimu. Swali ni la haki, na jibu lake ni la kuudhi. Majiko mengi ya aina hii yameundwa hivi kwamba umeme ukikatika, saa husahau kila kitu, na ukirudi tarakimu humetameta zikisubiri kupangwa upya. Mpaka saa ipangwe, oveni haipashi moto hata chembe. Unaweza kuzungusha kitufe cha joto mpaka mwisho, taa ya ndani ikawaka na feni ikavuma, lakini unga utabaki unga. Aliyebuni mtindo huu bila shaka aliishi mahali ambapo umeme haukatiki mara tatu kwa juma.

Kwa hiyo kila umeme uliporudi, dada alikuwa na kazi ya ziada. Alichukua khanga, akajifunika kichwa pamoja na uso wa jiko, mfano wa wale wapiga picha wa zamani waliojifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera ya miguu mitatu. Humo gizani alisubiri macho yazoee, ndipo akabonyeza vidude viwili kwa pamoja na kuupata mwanga hafifu wa kuotea saa. Nilimkuta katika hali hiyo jioni moja, nikacheka. Yeye hakucheka. Kulikuwa na sinia nne za unga uliokwisha kuumuka, nao unga haungoji mtu.

Siku chache baadaye hata khanga haikusaidia tena.

Duka moja la vyombo vya umeme mjini lilimtuma kijana kuja kulitazama. Alikuwa na adabu na fulana yenye nembo. Alibonyeza hapa na pale, akapiga magoti, akasimama, akasema: "Mama, hii imekufa. Bodi yake haipo nchini. Tukiiagiza ni shilingi 420,000 na utasubiri wiki sita. Lakini kwa ushauri wangu, chukua jiko jipya. Vitu hivi siku hizi havitengenezwi, mama, vinabadilishwa." Jiko jipya la kiasi kile lilikuwa shilingi 1,400,000.

Wakati ule zilikuwa zimebaki siku 16 kufika Idd. Oda zilikwisha kuandikwa katika daftari, nyingine zimelipiwa nusu. Zaidi ya hayo, mpwa wangu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na karo ya awamu ya kwanza ilitegemea keki hizo hizo. Dada alifanya hesabu usiku kucha, na asubuhi aliniambia kwamba ameamua kukopa katika kikundi chao cha akina mama. Kikundi kingekutana Jumamosi. Angechukua milioni moja na nusu, anunue jiko, alipe kwa miezi 12 pamoja na riba. Nikamwuliza karo je? Akasema mtoto anaweza kungoja mwaka mmoja.

Binti mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilimwomba dada anipe mpaka Ijumaa jioni.

Yuko mzee mmoja pale Ilala ambaye nilipata kumwandikia habari fupi zamani kidogo, fundi redio wa tangu miaka ya 1970, enzi ambazo redio za National zilikuwa zikitengenezwa papa hapa Dar es Salaam na kila nyumba yenye uwezo kidogo ilikuwa nayo juu ya kabati, imevishwa kitambaa cha kufuma. Mzee huyu hafanyi kazi tena ya kuajiriwa na mtu. Meza yake ipo chini ya mkungu nyuma ya nyumba, na juu yake kuna makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto halioni, la kulia linaona kivuli na mwanga. Nilimweleza kwa simu. Akaniuliza maswali matatu tu, nami nayaandika hapa kwa sababu kila mwenye jiko la namna ile anaweza kujiuliza mwenyewe.

La kwanza: je, tarakimu zote zimefifia sawasawa, au vipo vijiti vilivyofifia kuliko vingine? Nikamjibu sawasawa. La pili: je, ilikuwa pole pole au siku moja? Pole pole, miaka. La tatu: je, oveni inapoanza kupasha moto, tarakimu huzidi kufifia? Hapo ikabidi nimwulize dada, naye akasema ndiyo, zamani ilipokuwa bado inawaka, kila oveni ilipopiga "tak" mwanga ulishuka.

"Basi," akasema mzee, "kioo ni kizima. Kina njaa. Niletee bodi."

Hapa sina budi kueleza kidogo, maana mambo haya hufichwa nyuma ya bati na mtu huweza kuishi na jiko miaka 20 asijue kilichomo.

Zile tarakimu za kijani kibichi chenye kuelekea ubuluu si balbu ndogo, wala si zile taa za rangi zinazotiwa katika simu. Ni chupa bapa ya kioo iliyotolewa hewa, ndugu wa karibu wa valvu za redio za kale. Aina hii ilivumbuliwa Japani mwaka 1967, ikaenea katika mashine za hesabu, deki za video, rejista za madukani na majiko. Mbele ndani ya chupa zimetandazwa nyaya nyembamba kuliko unywele, ambazo hupashwa moto kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni zikiwaka. Nyaya hizo hutoa elektroni. Nyuma yake vipo vijiti vilivyopakwa unga maalumu, na kijiti kinapopewa umeme wa volti kadhaa kumi huzivuta elektroni, zikapiga ule unga nao ukang'aa. Mvuto ukiwa dhaifu, mng'ao huwa dhaifu. Ndiyo maana ya njaa aliyoitaja mzee. Lakini unga wenyewe nao huchakaa. Na ukichakaa, huchakaa zaidi katika vijiti vinavyowaka mara nyingi. Kioo cha namna hiyo ni mzee wa kweli, na huna la kukifanyia ila kukibadili. Swali lake la kwanza lilikuwa la kutenganisha njaa na uzee.

Na chakula cha kioo hutoka wapi? Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, nao hupanda na kushuka mizunguko 50 kila sekunde. Hauwezi kwenda hivyo hivyo katika vifaa dhaifu. Katika bodi ya jiko la dada ulipunguzwa kwanza na transfoma ndogo, ukapitishwa katika dayodi ambazo huugeuza uelekee upande mmoja tu, lakini bado ukawa unakuja kwa mapigo, mara 100 kila sekunde, baina ya pigo na pigo kukiwa na ukame. Anayeziba ukame huo ni kapasita.

Mkazi wa mji huu hahitaji mfano mwingine zaidi ya tangi la maji lililo juu ya paa. Maji ya bomba huja kwa zamu. Yanapokuja, tangi hujaa. Yanapokatika, mnafungua bomba la jikoni mkateka kama kawaida, kwa sababu tangi linatoa kile lilichoweka. Kapasita hufanya vivyo hivyo, ila zamu yake ni ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Sasa fikiri kwamba tangi lako la lita 1,000 linapungua ukubwa kila mwaka pasipo wewe kujua, mpaka linakuwa ndoo. Bomba la jikoni halitakauka kabisa, bali litakuwa likichuruzika. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa katika jiko la dada.

Alhamisi jioni nilizima swichi kuu, nikajaribu taa za jikoni kuhakikisha hakuna umeme, nikalivuta jiko kutoka ukutani. Mpwa wangu alinimulikia. Kabla ya kugusa waya wowote nilipiga picha kwa simu, kutoka kila upande, ili kila plagi irudi mahali pake. Skrubu sita, bati, na nyuma yake bodi ya ukubwa wa kiganja, imejaa vumbi la unga wa miaka 11 lililogandishwa na mafuta. Nilipoitoa, binti aliichukua mikononi, akaitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mjomba, haka ndiko ka laki nne?"

Ijumaa asubuhi tulikwenda Ilala sote wawili.

Mzee aliishika bodi kwa vidole kama mtu ashikaye uso wa mtoto. Kabla ya yote aliuliza kama tumeiacha usiku mzima bila umeme. Tukasema ndiyo. Hakuridhika. Alichukua rezista iliyofungwa katika mpini wa mti, akaniagiza niigusishe katika miguu ya kila kapasita, moja baada ya nyingine. Kapasita huweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, akaeleza, na zipo bodi zisizo na transfoma ambazo huunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Anayezipima huku zikiwa zimewashwa ameshika waya wa ukutani kwa mkono wake. Alisema anamjua fundi mwenzake aliyekufa hivyo, akanyamaza kidogo, tukaendelea.

Kapasita zenye umbo la kopo zilikuwa mbili. Mzee alizipapasa vichwa. Ya kwanza, iliyoandikwa mikrofaradi 220, ilikuwa na kichwa kilichovimba kidogo. Ya pili, mikrofaradi 100 na volti 63, ilikuwa nadhifu, kichwa bapa, rangi yake haijachujuka. Nilidhani ugonjwa umekwisha kujulikana. Tulizitoa zote mbili na kuzipima kwa mita. Ile iliyovimba ilisoma 171, chini kidogo ya kiwango kinachovumilika. Ile nadhifu ilisoma 9.

"Tisa?" akauliza mzee. Nikarudia. Akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha kioo," akasema. "Imekauka kama dagaa."

Neno lake halikuwa la mzaha. Ndani ya kopo lile mna tepe mbili za alumini zilizoviringishwa kama mkeka, na baina yake karatasi iliyolowa maji ya dawa yapitishayo umeme. Juu ya alumini pana utando mwembamba mno wa kutu yake, nao ndio unaotenganisha umeme wa huku na wa kule. Maji hushikamana na utando huo kila mahali, na kadiri yanavyoushika eneo kubwa ndivyo kapasita inavyoweza kuweka umeme mwingi. Mdomo wa kopo huzibwa kwa mpira. Mpira, hata uwe bora namna gani, hupitisha mvuke kidogo kidogo kwa miaka. Maji yakipungua, karatasi hukauka. Nyingine hutoa hewa ndani na kuvimba, hizo mtu huziona. Nyingine hukauka kimya kimya, na ni hizo zinazowafanya mafundi wenye haraka waseme bodi imekufa.

Adui mkubwa ni joto. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila joto linapopungua nyuzi 10 maisha ya kapasita huwa maradufu, na kila linapopanda nyuzi 10 hukatwa nusu. Kopo lenye kuandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85, ukiliweka mahali penye nyuzi 65, utalikadiria saa 8,000. Saa 8,000 ni siku 333. Lile lililoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, mahali hapo hapo, linafikia saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Na tukumbuke kwamba saa ya jiko hailali: mama anaweza kuoka saa tatu kwa siku, lakini tarakimu huwaka saa 24. Kwa bahati oveni haiwi na moto siku nzima, ndiyo sababu za dada zilivumilia miaka mingi hivyo. Zote mbili, tulipozisoma pembeni, zilikuwa za nyuzi 85. Mwenye kiwanda alichagua kopo la nyuzi 85 akaliweka shubiri moja juu ya tanuri. Tofauti ya bei kati ya aina hizo mbili ni ya senti chache. Mimi siiti hiyo bahati mbaya.

Binti aliuliza mikrofaradi ni nini, na kwa kuwa mzee alikuwa ananywa kahawa yake, nilimjibu mimi. Faradi ni kipimo kilichopewa jina la Michael Faraday, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi, aliyeanza maisha akiwa mwanafunzi wa kujalidi vitabu na kusoma vile alivyopewa kuvijalidi. Mikrofaradi ni sehemu moja ya milioni ya faradi. Mzee, kutoka nyuma ya kikombe, akasema hata yeye alianza kwa kufagia dukani kwa mtu.

Vipuri nilivifuata Kariakoo kwa pikipiki. Masharti ya mzee yalikuwa mafupi: mikrofaradi ziwe zile zile, volti ziwe zile zile au zaidi, zisipungue kamwe, nyuzi ziwe 105, na miguu iingie katika matundu yale yale bila kulazimishwa. Muuzaji alinipa ya 220 kwa shilingi 800 na ya 100 kwa shilingi 600. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hesabu hiyo. Alinionya pia nisichukue zile za rundo la bei ya chini mno, na onyo lake lina historia. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kompyuta nyingi sana duniani ziliharibika kabla ya wakati kwa sababu ya kapasita zilizotiwa maji ya dawa yasiyofaa. Makopo yalivimba na kupasuka ndani ya miaka michache tu. Kitu cha senti chache kiliwagharimu watengenezaji wakubwa fedha nyingi.

Niliporudi mkunguni nilikuta mambo yamebadilika. Nilikuwa nimedhani mzee atalehemu mwenyewe, kwa mazoea. Lakini alikuwa amemketisha mpwa wangu kitini pake, amempa kipande cha bodi chakavu, naye anatoa na kurudisha miguu ya vifaa visivyo na kazi huku mzee akisikiliza.

Ndiyo, akisikiliza. Lehemu nzuri, alisema, haichemki kwa kelele. Hulainika, hutiririka, na hung'aa. Ukisikia inachechemka kwa muda mrefu, chuma chako kimekaa mno na utaibandua njia ya shaba iliyo chini. "Hesabu tatu, mwanangu. Moja, chuma kiguse mguu na shaba kwa pamoja. Mbili, lehemu. Tatu, ondoka." Mikono ya binti haikutetemeka. Mzee aliniuliza kwa sauti ndogo anasomea nini. Nikasema uuguzi, kama karo itapatikana. Akatikisa kichwa, kisha akasema mkono kama huo atautumia vizuri kutafuta mshipa wa mgonjwa.

Palibaki jambo moja ambalo halina msamaha. Kapasita za aina hii zina upande wa hasi na upande wa chanya. Ukanda uliochorwa ubavuni huonyesha mguu wa hasi. Ikiwekwa kinyume, ule utando wa kutu huharibika, kopo likapata moto na hata kulipuka. Mzee hakutaka kuambiwa kwamba zimewekwa sawa. Alitaka asomewe alama iliyo kwenye bodi, kisha alishike kopo mwenyewe, na binti auongoze ukucha wake mpaka kwenye ukanda. Akafanya hivyo kwa la kwanza na kwa la pili. Ndipo akasema, "Lehemu."

Kazi yenyewe haikufika nusu saa.

Hakupokea malipo. Nilipomsisitiza alisema nimpelekee dada salamu, na kama mikate ya Idd itakuwapo basi yeye hupenda ile yenye hiliki.

Tuliwasili Magomeni jua linakaribia kuzama. Dada alikuwa jikoni na mwenzake wa kikundi, mhazini, wamekwisha kuandika jina la dada katika fomu ya mkopo, imebaki sahihi. Hatukusema mengi. Nilirudisha plagi kwa kufuata picha, moja moja, binti akisoma kutoka kwenye simu. Skrubu sita. Jiko likarudi ukutani. Nikamwomba dada mwenyewe akawashe swichi kuu.

Tarakimu zilitokea za kijani, kali, zikimetameta sufuri nne. Mhazini alisema, "Kumbe zina rangi!" Dada hakusema neno. Alisogea, akabonyeza vidude viwili kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaona anachokifanya. Alipanga saa, akaiangalia ya ukutani, akairudi dakika moja. Kisha akawasha oveni. Ikapiga "tak", na tarakimu hazikushuka. Alisubiri na kiganja chake mbele ya mlango mpaka joto likaja.

Fomu ya mkopo iliondoka na mhazini bila sahihi.

Nimeyasimulia haya kwa marafiki, na wapo walioniambia kwamba ni bahati tu, kwamba siku nyingine bodi huwa imekufa kweli. Ni kweli. Zipo bodi ambazo akili yake ndogo ya kompyuta imeungua kwa umeme uliopanda ghafla, nazo hakuna fundi wa mkunguni atakayezifufua. Zipo zenye kioo kilichochoka. Na kuna kazi ambazo hazimfai mtu asiyezijua: anayetaka kufungua jiko lake kwa sababu amesoma makala hii, na hana wa kumwonyesha, ningemwomba kwanza amtafute mtu huyo. Lakini ninachobishana nacho ni lile neno la kijana wa duka, "havitengenezwi". Hakupima kitu. Hakufungua hata skrubu moja. Simlaumu sana, kwa sababu hajafundishwa kutengeneza, amefundishwa kuuza. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Jiko la dada nusura liwe mojawapo. Ni vigumu kujizuia kufikiri ni mangapi kati ya yale ya tani milioni 62 yalikuwa na kopo moja lililosoma 9.

Keki za Idd zilitoka zote. Nilikuwapo usiku wa mwisho, kazi yangu ikiwa kupaka siagi kwenye mabati, kazi ambayo dada huona ndiyo ninayoiweza. Umeme ulikatika mara moja, kama saa tano hivi za usiku, ukarudi baada ya dakika 40. Hakuna aliyetafuta khanga. Awamu ya kwanza ya karo ililipwa kwa wakati wake, na binti akaenda chuoni na sanduku la bati na, bila mama yake kujua, lile kopo nadhifu la mikrofaradi 100, ambalo mzee alimpa alichezee.

Mikate mitatu ya hiliki niliipeleka Ilala mwenyewe. Mzee alikuwa na habari: amepata tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Aliniuliza jiko linaendeleaje. Nikamwambia linaendelea vizuri, ila mpira wa mlango umekakamaa na joto linavuja upande wa juu. Akauliza mpira wenyewe ni wa mviringo au bapa, na kama unashikwa kwa ndoano au umegandishwa. Nikamwambia nitautazama Jumapili.